Upepo na Vyuma Chakavu

Watu wa pwani yetu waliujua upepo kabla hawajajua kuuandika. Kaskazi iliwaleta mabaharia kutoka Bara Arabu na Bara Hindi, Kusi ikawarudisha kwao, na baina ya pepo hizo mbili yakapatikana maneno, ndoa, biashara na nyimbo ambazo leo twaziita mali yetu. Mtoto wa mvuvi hujua tofauti ya matlai na umande kabla hajajua tofauti ya irabu na konsonanti. Walakini kwa karne zote hizo upepo tuliutaka utusukumie tanga, utupepetee mpunga na utukaushie dagaa. Hatukuutaka utuwashie taa. Katika insha hii tumekusudia kueleza habari za watu walioutaka jambo hilo la mwisho, na hasa wale ambao hawakuwa na mtaji wa kununulia mtambo, bali waliokota mota iliyotupwa, wakaifunga mapanga, wakaipandisha juu ya mti, wakangoja.

Yamkini msomaji atauliza habari hizi zinahusianaje na utamaduni. Swali hilo tumelisikia mara nyingi, na aghalabu huulizwa na watu wanaodhani kwamba utamaduni ni ngoma, mavazi na ngonjera za sikukuu. Namna taifa linavyokitendea kitu kilichovunjika ni sehemu ya utamaduni wake vilevile. Kibatari kilichotengenezwa kwa kopo la maziwa, katambuga zilizokatwa katika mpira wa gari, jiko la mkaa lililotokana na pipa la lami, ndoo na masanduku ya mafundi wa Gerezani mjini Dar es Salaam: vitu hivi vimeishi nasi miaka mingi kuliko mashairi mengi tuliyoyatunga, na sisi tunaokiri hayo ni watunzi wa mashairi.

Kwanza yatupasa kuieleza mota yenyewe, maana hapo ndipo ulipo ufunguo wa mambo yote. Mwaka 1831 mwanasayansi Mwingereza, Michael Faraday, alionyesha kwamba sumaku ikisogezwa karibu na waya uliozungushwa, umeme hupita ndani ya waya huo. Kabla ya hapo, mwaka 1821, yeye huyo huyo alikuwa amekwisha kuonyesha kinyume chake, kwamba umeme ukipita katika waya ulio karibu na sumaku, waya huo waweza kuzunguka. Kwa hiyo mota na jenereta si mashine mbili zilizo ndugu. Mara nyingi ni mashine moja yenye nyuso mbili. Ukiipa umeme huzunguka, ukiizungusha hutoa umeme. Jambo hili ni jepesi kulisema, lakini vitabu vya shule tulivyosomea viliiweka mota katika sura moja na jenereta katika sura nyingine, na baina yake zikapita kurasa nyingi za mazoezi. Sisi wenyewe tulimaliza masomo ya sekondari, tukapata alama za kuridhisha, bila kutambua kwamba feni mbovu iliyokuwa darini mwa darasa ingeweza kuwa chanzo cha umeme. Na hali kila jioni tulipanda baiskeli yenye dainamo! Tuliisikia miguuni: ukiibana dainamo kwenye mpira, baiskeli huwa nzito ghafla, hasa mlimani, kana kwamba kuna mtu amepanda nyuma. Uzito ule ndio bei ya mwanga. Miguu ilikuwa imeelewa, kichwa bado.

Si kila mota hukubali kazi hii kwa urahisi. Mota ndogo zenye sumaku za kudumu ndani yake, kama zile za feni ya rejeta ya gari au za mashine za kuchapia, huanza kutoa umeme mara tu zinapozungushwa. Nyingine, kama zile za mashine za viwandani zinazotumia umeme wa mkondo geu, hazina sumaku ya kudumu; hizo zahitaji kuunganishwa na gridi au na kapasita ndipo ziamke, au fundi hulazimika kuchonga kiini chake na kupachika sumaku. Fauka ya hayo kuna tatizo la mwendo. Mota nyingi zimetengenezwa kuzunguka mara elfu moja, mbili au tatu kwa dakika, ambapo mapanga ya kinu cha kujitengenezea huzunguka mara mia chache tu. Ndiyo sababu mafundi huweka mkanda au gia ili kuongeza mwendo, au hutafuta mota iliyoumbwa kuzunguka polepole.

Na upepo nao una hesabu yake isiyo na huruma. Kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu iliyomo huongezeka mara nane. Ikipungua nusu, nguvu hubaki thumuni. Mjerumani Albert Betz alithibitisha miaka ipatayo mia moja iliyopita kwamba hakuna kinu kiwezacho kukamata zaidi ya sehemu 59 katika 100 za nguvu hiyo, hata kiwe kimejengwa na malaika. Kinu cha fundi wa mtaani hukamata chini sana ya hapo. Twayataja haya mapema ili mwanafunzi asidhani kwamba tunamwimbia sifa tu.

Historia ya umeme wa upepo ilianza, kwa namna ya kushangaza kidogo, katika nyumba ya mapumziko. Mwezi Julai mwaka 1887 Profesa James Blyth wa Glasgow alijenga kinu chenye matanga ya kitambaa katika bustani ya nyumba yake huko Marykirk, Uskoti, akajaza betri na kuwasha taa za nyumba hiyo. Umeme ulipozidi akataka kuwapa wanakijiji ili wawashe taa za njia kuu. Walikataa, wakisema umeme ni kazi ya shetani. Majira ya baridi yaliyofuata tajiri mmoja wa Marekani, Charles Brush, alisimamisha mtambo mkubwa katika uwanja wa nyumba yake mjini Cleveland. Ulikuwa na mapanga 144 ya mbao, na ulijaza betri zilizokuwa ghalani chini ya nyumba kwa muda wa miaka 20 hivi. Hao wote wawili walikuwa watu wenye nafasi. Yule tunayempenda zaidi ni wa tatu, Poul la Cour, mwalimu wa chuo cha wananchi huko Askov, Denmark, ambaye tangu mwaka 1891 alifanya majaribio ya upepo shuleni, na baadaye akaanzisha mafunzo ya kuwafundisha vijana wa mashambani ufundi wa umeme. Alitaka mkulima asiachwe gizani wakati mji unang'aa. Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Johannes Juul. Jina hilo tutalirudia.

Huko Marekani uvumbuzi uliwafikia wakulima wenyewe, na hapa ndipo vyuma chakavu vinapoingia katika hadithi yetu. Katika miaka ya 1920 nyanda za kati za nchi ile zilikuwa na upepo mwingi na nyaya chache. Hata katikati ya miaka ya 1930 ni shamba moja tu katika kila mashamba kumi, kwa kukadiria, lililokuwa na umeme wa gridi. Lakini magari mabovu yalikuwepo, na ndani ya kila gari mlikuwa na dainamo ya kujazia betri. Wakulima waliing'oa, wakachonga ubao kwa umbo la pangaboi la ndege, wakaifunga juu ya nguzo. Kijana mmoja wa Montana, Marcellus Jacobs, alianza pamoja na ndugu yake kwa kutumia gurudumu la kinu cha kuvutia maji na ekseli ya nyuma ya gari la Ford. Waliona kwamba gurudumu lile lenye mapanga mengi huzunguka polepole mno. Na kwa kuwa Jacobs alikuwa amejifunza kurusha ndege, akajaribu pangaboi, hatimaye lenye mapanga matatu. Kutokana na jaribio lile la shambani kilizaliwa kiwanda. Mtambo mmoja wa Jacobs ulipelekwa Antaktika pamoja na msafara wa Byrd mwaka 1933, na zaidi ya miaka 20 baadaye ulikutwa bado ukizunguka.

Kilichowasukuma wakulima wale, tusidanganyane, hakikuwa kiu ya elimu. Ilikuwa redio. Walitaka kusikia bei ya ngano, habari za hewa na muziki wa Jumamosi, na betri ya redio ilipokwisha ilibidi ipelekwe mjini kujazwa. Mnamo 1935 kampuni ya redio ya Zenith iliungana na watengenezaji wa vinu vidogo vilivyoitwa Wincharger ili mkulima anunue redio na kinu kwa pamoja kwa bei nafuu. Tunapokumbuka jinsi wazee wetu walivyoanika betri za redio juani ili zipate nguvu ya kumalizia taarifa ya habari, hatuwaoni wakulima wale kuwa wageni.

Kisha serikali ya Marekani ikapeleka nyaya mashambani, na mamia ya maelfu ya vinu yakaachwa kwenye kutu. Ndivyo ilivyokuwa hadi mwaka 1973, mafuta yalipopanda bei ghafla duniani. Wasomaji wa rika letu walikuwa watoto wadogo, lakini tuliokua katika miaka iliyofuata twaikumbuka marufuku ya kuendesha magari Jumapili alasiri, barabara zikawa uwanja wetu wa mpira. Huko Marekani vijana walikwenda nyandani kuvitafuta vinu vya babu zao vilivyolala nyuma ya mazizi. Wengine waliokota mota zilizokuwa zikizungusha kanda za kompyuta kubwa za zamani. Mota hizo zilikuwa na sumaku za kudumu na zilitoa umeme wa kutosha kwa mwendo wa wastani, basi zikawa maarufu kwa mafundi wa uani kwa muda wa miaka mingi.

Kwa maoni yetu, hata hivyo, tukio kubwa la miaka ile halikuwa Marekani bali Denmark. Juul, yule mwanafunzi wa la Cour, alikuwa amekwisha kujenga kinu cha kilowati 200 huko Gedser mwaka 1957, akitumia jenereta isiyo tofauti kimsingi na mota ya kawaida ya kiwandani. Kinu kile kilifanya kazi miaka kumi hivi, kikasimamishwa. Katikati ya miaka ya 1970 seremala mmoja, Christian Riisager, alijenga kinu chake uani mwa nyumba kwa kufuata mfano wa Gedser. Hakuwa na maabara. Alichukua mota ya kawaida ya umeme akaifanya jenereta, akachukua gia na breki za magari, na mapanga akayatengeneza kwa mbao, kazi aliyoijua. Kinu kile cha kilowati 22 alikiunganisha na gridi, na hapa mwanafunzi wa fizikia asome polepole. Mota ya aina ile inapounganishwa na gridi huzunguka kwa mwendo ambao gridi huupanga. Upepo ukiisukuma ipite kidogo tu mwendo huo, huacha kula umeme na kuanza kuutoa. Gridi yenyewe huishika mkono isikimbie. Ujanja wote wa seremala ulikuwa kuelewa jambo hilo moja.

Majirani wakataka kinu kama kile. Maseremala, wahunzi na walimu wakaanza kukutana na kuelezana makosa yao hadharani, jambo ambalo wataalamu wenye vyeo huliona gumu. Kampuni ya Vestas, iliyokuwa ikijulikana kwa zana za kilimo na mashine nyingine za chuma, iliuza vinu vyake vya kwanza mwaka 1979. Leo Denmark hupata takriban nusu ya umeme wake, na miaka mingine zaidi ya nusu, kutokana na upepo. Nchi nyingine zilizokuwa na fedha nyingi zilianza na mitambo mikubwa iliyobuniwa na wahandisi wa ndege, na mingi kati ya hiyo ilivunjika. Hatusemi kwamba uhandisi ni bure. Twasema tu kwamba huko Denmark mkono ulitangulia na karatasi ikafuata.

Sasa tuje barani kwetu, katika nchi jirani ya Malawi. Habari za William Kamkwamba zimeenea duniani, na wanafunzi wengi wameona filamu iliyotolewa mwaka 2019. Hata hivyo twaomba ruhusa ya kuzisimulia tena, maana tunaamini zimesimuliwa vibaya.

Kamkwamba alizaliwa mwaka 1987, akakulia katika kijiji cha Masitala, eneo la Wimbe, wilaya ya Kasungu, katika familia ya wakulima wa mahindi na tumbaku. Miaka ya 2001 na 2002 njaa kali iliikumba Malawi. Mvua zilikuwa zimeharibika, na mahindi ya akiba ya taifa yalikuwa yameuzwa. Familia yake ikafikia kula mlo mmoja kwa siku, tena wa matonge machache. Karo ya sekondari haikuwezekana, naye akiwa na miaka 14 akaacha shule baada ya muda mfupi tu. Ili asisahau masomo, akawa anakwenda kwenye maktaba ndogo ya shule ya msingi ya Wimbe. Hapo alikuta kitabu cha Kiingereza kiitwacho Using Energy, ambacho jaladani kilikuwa na picha ya vinu vya upepo. Kiingereza chake kilikuwa haba; alisoma michoro kwanza, kisha akayatafuta maneno yaliyokuwa karibu na michoro. Kitabu hakikueleza namna ya kujenga kinu. Kilionyesha tu kwamba kinu chaweza kuvuta maji na kuzalisha umeme. Kwake yeye maji yalikuwa na maana ya mavuno mawili kwa mwaka, na mavuno mawili yalikuwa na maana ya kutolala na njaa.

Alianza na mfano mdogo uliotumia mota ya redio. Ulipofanya kazi akaanza kukusanya vyuma katika uwanja wa magari mabovu wa shamba kubwa la zamani: feni ya trekta, kipande cha shokomzoba kilichokuwa mhimili, na fremu ya baiskeli mbovu ya baba yake. Mapanga aliyapata kwa kulipasua bomba la plastiki, akalilainisha kwa moto na kulinyoosha. Vizibo vya chupa vilivyopondwa vikawa washa. Kilichokosekana ni dainamo, na hiyo hakuiokota. Rafiki yake aliinunua kwa kwacha 200 kutoka kwa mtu mwenye baiskeli, akampa. Wakasimamisha mnara wa magogo ya mikaratusi. Watu waliokuwa wakimwona akichakura vyuma walisema amerukwa na akili, au anavuta bangi. Siku ya kupandisha kinu wakaja kwa wingi kutazama aibu yake. Upepo ukavuma, fremu ikatikisika, na balbu ndogo aliyoishika mkononi ikawaka.

Kwanza aliwasha balbu moja chumbani mwake, kisha nne, na redio. Swichi alizitengeneza kwa spoku za baiskeli na mpira wa ndala. Baada ya kuhofia kwamba nyaya zingeweza kuunguza paa la nyasi, alitengeneza kikata umeme kwa misumari, waya na sumaku, kwa kuiga kengele ya umeme iliyochorwa kitabuni. Mtu anayesoma sentensi hiyo haraka atapitwa na jambo kubwa. Kijana ambaye mfumo wa shule ulikuwa umemtoa nje alikuwa amefikia swali la usalama wa watu wengine, ambalo ni swali la mhandisi.

Magazeti ya ng'ambo yalimfanya muujiza. Twamheshimu Kamkwamba kupita waandishi wale, ndiyo maana hatukubali neno hilo. Muujiza hauna sababu, nayo hadithi hii imejaa sababu. Bila mtu aliyeipelekea Wimbe vitabu, hakuna kinu. Bila mkutubi aliyemruhusu mtoto asiye mwanafunzi kuketi na kusoma, hakuna kinu. Ondoa kwacha 200 za rafiki, ondoa shamba lililotupa trekta, na kijana yule angebaki na akili yake na njaa yake. Je, ni vijana wangapi wa Dodoma, Singida au Manyara walikuwa na akili hiyo hiyo mwaka huo huo, wakakosa kitabu kimoja tu?

Mwezi Juni mwaka 2007 Kamkwamba aliletwa Arusha, katika mkutano wa kimataifa wa watu wa fani mbalimbali uitwao TED. Hakuwahi kupanda ndege kabla ya safari ile. Alisimama jukwaani dakika chache, akajibu kwa maneno machache, ukumbi ukasimama kumpigia makofi. Alisaidiwa kurudi shuleni, kitabu cha maisha yake kikatoka mwaka 2009, na mwaka 2014 akahitimu katika chuo cha Dartmouth, Marekani. Haya yanajulikana. Lisilojulikana sana ni kwamba katika Arusha hiyo hiyo, miaka 30 kabla, mradi wa teknolojia ya vijijini ulikuwa umebuni kinu cha upepo cha kuvuta maji kilichoweza kujengwa kwa mabomba ya kawaida na mafundi wa kuchomelea, na maelekezo yake yalichapwa kitabu mwaka 1977. Katika shangwe zote za mwaka 2007 sisi hatukumsikia mtu akikitaja kinu kile. Tulimshangilia mgeni kwa kufanya jambo ambalo sisi wenyewe tulikuwa tumelianza na kulisahau.

Hatuvidharau vinu vikubwa. Karibu na Ziwa Turkana, Kenya, vimesimamishwa vinu 365 vyenye uwezo wa megawati 310, na taa nyingi za Nairobi hupata sehemu ya mwanga wake hapo. Mota ya kuokota haitaendesha kiwanda wala hospitali. Tena siku hizi paneli ndogo ya jua huweza kununuliwa dukani na kuwasha taa tatu bila kelele, bila mkanda kukatika, na mwenye nyumba asiyependa ufundi hana haja ya kupanda mnara. Anayetafuta mwanga tu, akanunue paneli. Insha hii inamhusu anayetafuta pia kuelewa.

Hapa yatubidi kutoa ushahidi dhidi yetu wenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, tulipokuwa tukisimamia kumbukumbu katika ofisi moja ya umma ambayo hatutaitaja, ghala lilikuwa limejaa mashine za kuchapia zilizokufa, feni zisizozunguka na kompyuta za zamani. Mwalimu wa fizikia wa shule ya kata alituandikia barua ya adabu, akiomba mota zilizomo ili wanafunzi wake wajifunzie. Alieleza, kwa hati nzuri, kwamba mota za hatua zilizo katika mashine za kuchapia hutoa umeme hata zikizungushwa kwa vidole. Tuliisoma barua ile tukafurahi. Kisha tukaketi na kuandika jibu kwamba mali ya umma haiwezi kutolewa mpaka bodi ya kufuta mali ikutane. Kanuni ilikuwa hivyo, nasi hatukukosea hata nukta. Bodi ilikutana baada ya miaka miwili, na vitu vyote vikauzwa kwa kilo kwa mfanyabiashara wa vyuma chakavu. Tulitia sahihi hati ya kuvikabidhi. Tumetunga mashairi kadhaa juu ya elimu na kujitegemea, na baadhi yamesomwa mbele ya viongozi. Sahihi ile ndiyo maandishi yetu tunayoyakumbuka zaidi.

Tulipopata safari ya kikazi kuelekea Singida tuliomba kuipita shule ile. Mwalimu alitupokea bila kinyongo. "Karibu, Mzee," akasema, "mota tulizipata kwingine." Nyuma ya maabara, ambayo ilikuwa chumba chenye meza moja na ndoo ya mchanga, palikuwa na nguzo ya mti, na juu yake gurudumu la baiskeli lililofungwa mapanga ya bomba la plastiki. Mkanda ulitoka katika gurudumu ukazunguka puli ndogo ya mota ya feni ya rejeta, iliyotoka gereji ya mjini. Chini palikuwa na betri ya pikipiki ya volti 6. Wanafunzi walitusalimia wakarudi kwenye ubishi wao. Kinu chao kilikuwa kimekwisha kuharibika mara mbili: mara ya kwanza beringi ilijaa vumbi ikaungua, mara ya pili dhoruba ya usiku ilivunja panga moja, na yaliyobaki yakaitikisa nguzo mpaka ikalala. Waliandika makosa hayo katika daftari lenye mistari, kwa tarehe.

Siku ile upepo ulikuwa umetulia kabisa, hata vumbi la uwanjani halikuinuka. Tukamwambia mwalimu kwamba tumekuja siku mbaya. Binti mmoja wa kidato cha tatu, aliyekuwa amechuchumaa karibu na betri, akasema, "Subiri kidogo, Mzee." Akaichomoa diodi, kile kipande kidogo kinachouzuia umeme usirudi nyuma kutoka katika betri, akaunganisha nyaya moja kwa moja. Juu yetu mkanda ukajivuta, gurudumu likasita, kisha mapanga yakaanza kuzunguka taratibu katika hewa isiyo na upepo. Wenzake wakacheka na kumwambia anamaliza betri. Yeye akatutazama kuona kama tumeelewa, akairudisha diodi mahali pake.